MAUMIVU YA NYONGA



Mtu akisema, "Nyonga yaniuma," mara nyingi huweka mkono kiunoni au takoni. Lakini daktari hutaka kwanza kuonyeshwa mahali hasa, maana mahali penyewe humpa habari. Kiungo cha nyonga kimo ndani sana. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho hukaa katika tundu lake kama mpira katika kikombe. Kiungo hicho kikiugua, maumivu husikika kinenani, na pengine hushuka hata gotini. Maumivu ya upande wa nje wa paja kwa kawaida ni ya kano na nyama. Na yale ya takoni yashukayo mguuni huenda yatoka katika uti wa mgongo.

Sasa na tutazame sababu zake. Katika uzee, gegedu, yaani kile kifuniko laini cha ncha za mifupa, hulika polepole. Mguu huwa mgumu asubuhi, kuinama kuvaa viatu huwa taabu, na mtu huchechemea. Haya huja kwa miaka. Lakini mzee akiteleza mlangoni akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, yaelekea mfupa umevunjika. Msimkande, wala msimvute mguu. Mchukueni hospitali siku ile ile. Wako wazee waliolazwa nyumbani majuma mengi wakichuliwa mafuta, na hawakuinuka tena.

Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi. Mtoto mwenye homa akataaye kukanyaga chini huenda ana usaha katika kiungo, na usaha waweza kukiharibu kwa siku chache tu. Hapana mafuta yawezayo kufika huko, asingoje kesho. Tena mtoto anayechechemea na kulalamika goti, ilhali goti halina kasoro, apimwe nyonga.

Wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao huonekana sana Pwani na kando ya Ziwa Victoria, nao wajihadhari. Damu ikizuiwa isifike katika kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa. Vilevile kifua kikuu chaweza kukaa nyongani bila kikohozi chochote: maumivu ya miezi, kukonda, na jasho la usiku.

Basi daktari hutambuaje? Huuliza maumivu yalianza lini, hutazama mwendo, hupima urefu wa miguu, na huugeuza mguu ndani na nje. Kisha huagiza picha ya eksirei, na pengine damu ipimwe. Lakini fahamuni jambo moja: mfupa ulioanza kufa karibuni waweza usionekane katika eksirei. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa kuwa picha ni safi, naye angali akiumwa, arudi tena. Huenda akahitaji picha ya mashine ya sumaku, ambayo huona mapema zaidi.

Mkienda kwa daktari, mwambieni yote: kuanguka, homa, ugonjwa wa damu katika ukoo, na dawa mlizotumia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Miguu ndiyo itupelekayo shambani na kazini. Tusiiache ipotee kwa kungoja.