Nyota za Zahanati Ni Zetu Sote



Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania ilianza kuzipima zahanati na kuzipa nyota, tangu sifuri hadi tano. Wengi wetu tulidhani hiyo ni kazi ya wakubwa. La! Mkaguzi huja siku moja akaenda zake. Sisi ndio tunaokaa kwenye benchi la wagonjwa kila siku.

Basi tuyajue ya kutazama. Mganga anawe mikono kabla ya kutugusa. Bomba la sindano lifunguliwe mbele ya macho yetu, na likishatumika litiwe papo hapo katika boksi gumu. Boksi likifika robo tatu lifungwe. Mwenye homa apimwe damu kwanza, ndipo apewe dawa ya malaria.

Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Wala si utovu wa adabu. Mganga mwema hafichi kazi yake. Tukinyamaza kwa haya, atakayeumia ni mtoto aliye mgongoni mwetu.

Kamati ya zahanati ina viti vya wananchi. Tuvikalie, tuulize, tusikie majibu. Kujitawala ni pamoja na hayo.