Gharama za Kusomea Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wetu wa mwaka, mchana, kabla ya chakula)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, walimu wetu wazee mliokubali kusafiri mpaka hapa, na ndugu zangu wote tuliolala katika mabweni haya:

Nimeombwa na Kamati niseme machache juu ya jinsi mtu wa kipato kidogo anavyoweza kumsomesha kijana akiwa nyumbani. Nadhani Kamati ilinichagua kwa sababu nimetunza vitabu vya hesabu maisha yangu yote, wala si kwa sababu ya ufasaha, maana wale niliokuwa nao katika chama cha mdahalo wanajua nilivyokuwa nikikaa kimya nyuma.

Kwanza niwakumbushe jambo moja. Wengi wetu humu tulisoma bila kulipa ada. Ada za sekondari za serikali ziliondolewa mwaka 1964, zikarudishwa katikati ya miaka ya 1980. Sisi tulipewa waranti ya safari, tukapanda gari moshi na sanduku la bati, tukakuta godoro, daftari na uji. Kwa hiyo tumekuwa watu wazima bila kujua kwamba elimu ya sekondari ina bei. Leo ada imeondolewa tena, tangu 2016 hadi Kidato cha Nne, na tangu 2022 hadi Kidato cha Sita. Lakini hiyo ni kwa mwanafunzi aliyemo shuleni. Aliyetoka nje ya lango, kwa sababu yoyote ile, anajilipia mwenyewe.

Sisemi habari za kumweka mtoto wa miaka minane nyumbani asiende shule. Ulaya na Marekani wako wanaofanya hivyo tangu darasa la kwanza. Kwetu Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na ahudhurie mpaka amalize shule ya msingi, na mimi sioni ubaya wa sheria hiyo. Nasema juu ya vijana ambao masomo yao ya sekondari yalikatika njiani: aliyeugua muda mrefu, aliyeshindwa mtihani, aliyefiwa na wazazi, na msichana aliyepata mtoto.

Huyu wa mwisho ndiye ninayemjua, kwa kuwa tunaye nyumbani. Ni binti wa marehemu kaka yangu, yaani binti yangu. Nimemwomba ruhusa nimseme mbele yenu, akanikubalia kwa sharti kwamba nisitaje jina. Alitoka shule mwaka 2018 akiwa Kidato cha Tatu. Wakati ule msichana mwenye mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 Serikali ikatangaza kwamba wasichana wa namna hiyo waruhusiwe kurudi, jambo ambalo wengi wetu tulilipokea kwa furaha. Lakini binti yetu miaka ilikuwa imekwenda, mtoto wake ana miaka mitatu, naye hakutaka tena kuvaa sare na kukaa dawati moja na watoto wa wadogo zake. Akasema, "Baba mdogo, nitasoma hapa hapa." Tukaanza Januari 2022.

Sasa niingie katika daftari.

Kwa muda wa wiki kama 90, tangu alipoanza mpaka alipofanya mtihani wa Kidato cha Nne, Novemba 2023, fedha zilizotoka mkononi ni hizi. Vitabu vitano vya kununua, 60,000. Kutoa nakala za mitihani ya zamani, 28,000. Taa ya jua ya kusomea, 35,000. Kifurushi cha simu, shilingi 1,000 kwa wiki, jumla 90,000. Mwalimu wa Hisabati na Kiingereza, 140,000. Ada ya mtihani, 50,000. Nauli za kwenda kituo cha mtihani na chakula cha siku hizo, 42,000. Jumla ni shilingi 445,000. Ndugu zangu, wako watu humu waliotumia zaidi ya hizo kwa kadi za mchango wa harusi mwaka jana peke yake.

Lakini hesabu hiyo ni nusu, na mkaguzi mwangalifu angeirudisha. Gharama kubwa haina risiti. Msichana aliyeko nyumbani ndiye anayechota maji, ndiye anayepika, ndiye anayefua, na huyu wetu ana mtoto mgongoni juu yake. Watu humwambia, "Soma," kisha humtuma sokoni. Saa nne za kusoma kila siku haziokotwi. Lazima mtu mwingine wa nyumba azilipe. Kwetu aliyezilipa ni mama watoto. Yeye huchoma maandazi alfajiri na kuyauza kituo cha basi, na faida yake ni kama shilingi 4,000 kwa asubuhi moja. Aliacha asubuhi tatu kwa wiki ili akae na mjukuu, na binti akae chumbani na vitabu tangu saa mbili mpaka saa sita. Asubuhi tatu ni 12,000 kwa wiki. Kwa wiki 90 ni shilingi 1,080,000. Zaidi ya mara mbili ya fedha zote nilizozitoa mimi! Na mimi ndiye niliyekuwa nikipongezwa barazani kwamba namsomesha binti wa marehemu.

Hizo siku nyingine mbili za wiki, vijana wangu wawili waligawana maji na kuni. Mkubwa alinung'unika. Nilimwambia kwamba ndoo haijui kama aliyeibeba ni mwanamume.

Kwa hiyo anayetaka kuanza jambo hili, asianze kwa kuuliza bei ya vitabu. Na aulize kwanza kazi za nyumba zitagawanywaje, na ni pato gani la nyumba litapungua, kisha akubaliane na mkewe waziwazi, kwa kuwa yeye ndiye mfadhili.

Vitabu vyenyewe si taabu kubwa kama ilivyokuwa. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, na mitihani ya miaka iliyopita inapatikana kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Tulikuwa tukivishusha mara moja kwa wingi, kisha anavisoma bila kuhitaji mtandao. Jihadharini na jambo moja: kutoa nakala. Kwetu ukurasa mmoja ni shilingi 100. Kitabu cha kurasa 200 ni shilingi 20,000, nacho dukani kinauzwa 12,000! Nimeona wazazi wakitoka stationari na mzigo wa karatasi wakidhani wameokoa fedha. Toeni nakala za mitihani tu, na ramani. Kadhalika msinunue kitabu kabla ya kuuliza muhtasari gani unatumika, maana mitaala mipya imeanza kutumika kwa awamu tangu 2024, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika hawatawaambia. Kwa walio karibu na mji wa mkoa, ipo maktaba ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Pale meza ni tulivu kuliko ya nyumbani, na hakuna wa kumtuma chumvi.

Juu ya walimu nina maoni makali kidogo. Hatukumtafutia mwalimu wa kila somo. Historia, Uraia, Jiografia, Kiswahili na Baiolojia alijisomea, nami nikimhoji jioni kitabu kikiwa mkononi mwangu, hata kama majibu mengine sikuyaelewa. Fedha tulizielekeza kwenye Hisabati na Kiingereza tu. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani alikubali kulipwa shilingi 10,000 kwa kila mada iliyokwisha, wala si kwa mwezi. Mada ikiisha, binti anafanya maswali kumi ya mitihani ya zamani. Akipata sita, mwalimu analipwa. Walimaliza mada kumi na nne. Jirani yangu mmoja alimpeleka mwanawe kituo cha tuisheni, jina nitaliacha, akalipa miezi mitatu mbele. Wiki ya tano walimu walikuwa hawaonekani. Vituo vyema vipo, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya 1975, ina madarasa ya watu wa namna hii. Ulizeni huko kwanza.

Wala tusijifanye kwamba kujifunza nje ya darasa ni jambo geni kwetu. Mwaka 1973 tulikuwa watoto, tukiwaona wazazi wetu wakikaa chini ya mwembe mbele ya redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na kitabu kimoja mbele ya kikundi kizima. Walimu wengi wa UPE walifundishwa kazi vijijini mwao, kwa redio na masomo ya posta.

Sasa mtihani. Aliyekwisha kufaulu Kidato cha Pili, kama binti yetu, anajisajili moja kwa moja kwa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Atunze namba yake ya mtihani ule. Ambaye hakufika hapo anaanza na Mtihani wa Maarifa. Kwa miaka ya karibuni ada imekuwa shilingi 50,000 kwa Kidato cha Nne na 30,000 kwa Mtihani wa Maarifa, kwa wanaojisajili mapema, yaani Januari na Februari. Ukichelewa unalipa faini. Na hapa ndipo nyumba nyingi za wakulima huanguka: fedha za mahindi huingia Julai na Agosti, usajili ni Januari, na katikati kuna Krismasi, kuna wagonjwa, kuna sare za wadogo. Sisi ada ya mtihani tuliitenga siku ile ile gunia la kwanza lilipouzwa, tukampa mweka hazina wa kikundi cha mama watoto, kwa agizo kwamba hata mimi nikija kuziomba nisipewe. Nilikwenda Novemba. Sikupewa.

Wako ndugu wa ukoo waliosema kwamba fedha hizo zinamwagwa mchangani, kwa kuwa msichana "amekwisha haribika". Nitawapa matokeo tu. Alipata krediti tatu: Kiswahili, Historia na Jiografia. Kiingereza, Uraia na Baiolojia alipata D. Hisabati alipata F, licha ya zile mada kumi na nne, na mwalimu wake alihuzunika kuliko sisi. Krediti tatu ndicho kiwango cha chini cha kufikiriwa Kidato cha Tano. Hisabati amesema atairudia peke yake, na kwa mtahiniwa wa kujitegemea hilo linawezekana, kwani haimlazimu kurudia masomo yote. Mwanawe sasa anakwenda shule, na jioni wanagombea ile taa.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili. Umoja wetu una akiba. Naomba Kamati ifikirie kulipa ada ya mtihani ya vijana wachache kila Januari, walipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mtahiniwa, fedha zisipite mkononi mwa mzazi wala mwa mjumbe. Pili, nimeweka sanduku la bati pale mlangoni, lile lile nililokuja nalo hapa Kidato cha Kwanza. Mwenye kitabu cha sekondari kinachofaa kwa muhtasari wa sasa, au kamusi, au seti ya hesabu isiyopungukiwa bikari, akitie humo kabla hatujaenda kula. Katibu ameshatoa kamusi yake.