Hukumu Haina Miguu

Ndugu wasikilizaji, watu wengi hudhani kwamba kesi ya madai huisha pale hakimu anapomaliza kusoma hukumu na kutamka kuwa mdai ameshinda. Mimi nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama miaka mingi nikiandika habari, na nawaambieni kuwa hapo ndipo kazi nyingine inapoanza.

Tuchukue mfano wa Dongobesh, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Huko watu hulima mahindi, maharage na vitunguu, na hufuga ng'ombe. Tuseme mama mmoja amemkopesha mfanyabiashara magunia ya vitunguu kwa ahadi ya kulipwa baada ya wiki mbili. Msimu unapita, fedha haionekani. Mama anakwenda mahakamani na kushinda. Baada ya hapo mdaiwa anakutana naye mnadani, anamwamkia kwa adabu zote, anamuuliza hali ya watoto, lakini halipi hata senti. Mama ana karatasi yenye mhuri wa mahakama ndani ya sanduku lake, na karatasi hiyo haimnunulii mbegu za msimu ujao.

Kisa ni nini? Ni kwamba mahakama haimfuati mdaiwa kwake bila kuombwa. Aliyeshinda ndiye anayetakiwa kurudi mahakamani na kuomba hukumu ikaziwe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, inayotumika kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, inampa njia kadhaa. Anaweza kuomba mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, au fedha zake zilizoko kwa mtu mwingine zizuiwe, au mdaiwa mwenyewe apelekwe gereza la madai. Mahakama za mwanzo zina kanuni zake, lakini roho yake ni ile ile: asiyeomba hapati.

Tena asichelewe. Mwaka mmoja ukipita tangu hukumu itolewe, sheria hiyo inataka mdaiwa aitwe kwanza aeleze kwa nini hukumu isikaziwe. Huo ni mwanya mwingine wa kupiga chenga. Miaka 12 ikipita, mlango umefungwa.

Mwenye kazi ya kukamata na kuuza mali ni dalali wa mahakama. Kazi yake ilikuwa na kanuni za mwaka 1997, na mwaka 2017 zikatungwa nyingine zinazomtaka awe amepata mafunzo na cheti cha Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Kwa hiyo dalali si mbabe wa kukodiwa. Anatumwa na mahakama, na anakwenda na amri iliyoandikwa. Asiye na amri hiyo ni mporaji kama waporaji wengine.

Hata mwenye amri hana ruhusa ya kubeba kila anachokiona. Sheria ya 1966 inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake. Kwa mkulima, inalinda zana za kilimo, pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona hawezi kuishi bila hizo. Nyumba anayoishi na mkewe na watoto nayo inalindwa. Busara yake inaeleweka. Ukimnyang'anya mtu jembe na maksai, umemnyang'anya pia uwezo wa kukulipa.

Katika nchi ya wafugaji kama Mbulu na Hanang liko jambo jingine la kuangaliwa. Miongoni mwa Wairaqw na Wabarbaig ni desturi ya siku nyingi mtu kumkabidhi jamaa au rafiki ng'ombe amtunzie. Si kila ng'ombe aliyelala zizini ni mali ya mwenye zizi. Dalali akiswaga kundi zima, huenda akamlipisha asiyehusika. Mwenye ng'ombe anayo haki ya kwenda mahakamani kupinga, na afanye hivyo kabla ya mnada. Lakini desturi hiyo hiyo huwa kichaka cha wajanja. Hukumu ikitoka leo, kesho ng'ombe wote wanakuwa wa shemeji. Mahakama isimwamini upesi shemeji huyo.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya wanyonge peke yao. Agosti 2019 ndege ya Shirika la Ndege Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama iliyoombwa na mkulima Hermanus Steyn, aliyekuwa akiidai serikali fidia ya mali zake zilizotwaliwa miaka ya 1980. Mapema Septemba mahakama iliiachia. Hapa nchini isingekamatwa kamwe, kwa sababu Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 hairuhusu mali ya serikali kukamatwa ili kukazia hukumu. Mshindi hupewa hati, akasubiri kulipwa. Basi kwa kuwa serikali haibishiwi hodi na dalali, ingefaa iwe ya kwanza kulipa. Mkubwa akilipa kwa wakati, mdogo hana kisingizio.

Ndugu wasikilizaji, mwenye hukumu mkononi na aombe ikaziwe mapema, akiwa na orodha ya mali anayojua ni ya mdaiwa. Mdaiwa asiye na uwezo asikimbie, bali aende kuomba alipe kidogo kidogo. Mahakama ina mamlaka ya kuruhusu hivyo. Na wakuu wa mahakama waitazame gharama. Dalali akitoka mbali hadi Dongobesh, nauli na malipo yake yanaweza kukaribia deni lenyewe. Ingawa gharama hizo mwishowe humwangukia mdaiwa, mama yule wa vitunguu huenda asiwe na cha kutanguliza.

Mtu aliyeshinda kwa haki akakosa cha kupokea, siku moja atakwenda usiku kumfungua ng'ombe wa mdaiwa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo deni la vitunguu litakuwa limegeuka kesi ya jinai, na pengine msiba. Tuzikazie hukumu mchana, kwa sheria.

Tukutane juma lijalo.