Kata na Diwani Wake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mkongo, Rufiji)



Nimeombwa niseme habari ya uchaguzi wa madiwani, nami nitakaza jambo moja ndani yake, yaani mpaka wa kata. Sisi makarani huandika neno "kata" katika barua kila siku, wala hatufikiri kwamba mstari ule uliochorwa katika ramani ndio unaoamua nani atakaa barazani Utete au Kibiti, na nani atasemewa na mwingine.

Kwanza utaratibu, kwa ufupi. Kila kata huchagua diwani mmoja kwa miaka 5, siku ile ile wanapochaguliwa Rais na wabunge. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 29 Oktoba 2025. Mpiga kura hana budi awe ametimiza miaka 18 na jina lake limo daftarini. Mwenye kutaka udiwani awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkaazi wa eneo la halmashauri, tena awe amesimamishwa na chama cha siasa, maana mgombea asiye na chama sheria haimtambui. Juu ya madiwani wa kata huongezwa wanawake wa viti maalumu, ambao hupatikana kwa orodha za vyama, na mbunge wa jimbo. Wakiisha kula kiapo humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Mkurugenzi hawamchagui; yeye huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa baraza. Mtu akija dirishani pako akasema, "Tulimchagua mkurugenzi, mbona hatusikii?" mweleze kwa upole.

Baraza hili liliwahi kukatika. Mwaka 1972 Serikali iliyavunja mabaraza ya wilaya, kazi zao zikashikwa na watumishi waliowekwa kutoka juu. Yakarudi mwaka 1984, baada ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982. Kwa miaka 12 hapakuwa na diwani wa kuendewa na mwananchi mwenye shida ya kisima au zahanati.

Sasa nije kwenye mpaka. Rufiji kubwa ya zamani ilimegwa katika miaka ya 2010, ikazaliwa Wilaya ya Kibiti. Mkongo yetu ilibaki Rufiji. Kata za delta, Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala, zikaenda Kibiti. Kata hizi wakaazi wake wametawanyika katika visiwa na mikoko, na safari zao hungoja maji kujaa na kupwa. Kata ya Kibiti ina mji, soko na barabara kuu. Kila moja hutoa diwani mmoja, na kura zao barazani ni sawasawa. Je, ni haki?

Swali hili liliulizwa mbali sana na hapa. Katika kaunti ya Midland, jimbo la Texas huko Marekani, baraza la kaunti lilichaguliwa kwa sehemu 4. Sehemu moja, yenye karibu mji wote, ilihesabiwa kuwa na watu 67,906. Nyingine 3 zilikuwa na watu 852, 414 na 828. Basi watu elfu mbili na kitu walikuwa na viti 3, na watu karibu elfu sitini na nane kiti 1! Mwaka 1968 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile iliamua kwamba sehemu za namna hiyo zikaribiane kwa idadi ya watu. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliweka kanuni iyo hiyo kwa wadi za kaunti, ila wakaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa miji mikubwa na kwa nchi zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko.

Mimi naona Wakenya walipima vizuri zaidi. Hesabu tupu ingeziunganisha kata mbili tatu za delta ziwe moja, na diwani wake angemaliza mwezi mzima ndani ya mtumbwi kabla hajaonana na nusu ya watu wake. Umbali nao ni hesabu. Sisi wenyewe hapa tuko kaskazini ya mto na baraza letu liko Utete, ng'ambo. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liko mashariki, mbali nasi. Lakini wenye watu wengi wasidharauliwe kwa sababu hiyo, maana kodi ya soko na ushuru wa ufuta na korosho hutoka kwao pia.

Kwetu mstari wa kata hutangazwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, wala si na wapiga kura. Walakini pendekezo huanzia chini: mkutano wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza lenyewe, ndipo lipande mkoani. Ni nani aandikaye mihutasari hiyo? Ni nani anakiliye idadi ya watu kutoka sensa ya mwaka 2022? Karani akiongeza mia mbili ili kijiji chake kipate kata, ameiba kiti cha wengine, ingawa hakugusa sanduku la kura.

Tusiseme kwamba ni kiti kidogo. Katika miaka ya 2016 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa watu zaidi ya 30, wengi wao wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na askari polisi. Baada ya hayo yote walipatikana tena watu wa kukubali kuchaguliwa.

Neno la mwisho ni la daftari. Wengi huku hulima bondeni, hulala dunguni miezi kadhaa kulinda mpunga, na nyumba zao ziko kata nyingine. Tena mafuriko ya Aprili 2024 yaliwahamisha watu wengi sana. Kila mmoja huandikwa mahali pamoja tu, na diwani atakayemchagua ni wa mahali hapo. Aliyehama aombe kuhamisha taarifa zake daftari linapofunguliwa kurekebishwa, asingoje wiki ya kura. Wanaouliza habari hii huja kwetu ofisini kwanza, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote.