Hotuba kwa Wanaotaka Kufundisha Masomo ya Jamii



Mwalimu wa Masomo ya Jamii haanzi kuandaliwa siku anapoingia chuoni. Huanza akiwa shuleni. Kwa miaka mingi, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) imemtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe alipata angalau gredi ya C+ katika KCSE, na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili anayofundisha. Aliyepata C katika Historia au Jiografia anaweza kusoma miaka minne, akahitimu, kisha akakosa kusajiliwa. Karo imekwisha na kazi hakuna. Basi mzazi asome kanuni za TSC za sasa kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Cheti nacho hakitoshi. Chuoni mwanafunzi hufunzwa somo lenyewe na mbinu za kulifundisha, kisha hupelekwa shuleni kwa mazoezi. Huko mtoto atamuuliza: mbona mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, na wa Gredi ya Nne na TSC? Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010.

Kifungu cha 196 nacho kinalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake hadharani. Mwanafunzi wa ualimu na aende akaketi, asikilize bajeti ikijadiliwa. Atakayefundisha uraia auone kwanza kwa macho yake.