Uzi wa Kioo Unaosikia Sululu

Naomba nianze na sululu.

Fundi anachimba mtaro wa bomba la maji kando ya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Hajapewa ramani ya vilivyofukiwa. Pigo moja linakata mkongo, mtaa unakosa intaneti, wakala wa pesa za simu anafunga kibanda. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ufike Dar es Salaam mwaka 2009, uzi wa kioo ulio ndani ya mikongo tumeutuma kubeba maneno tu. Uzi huohuo una masikio.

Kioo, hata kikiwa safi namna gani, kina hitilafu ndogo mno ndani yake. Ukituma mpigo wa leza, kila sehemu ya uzi hurudisha mwanga hafifu. Ndani ya kioo mwanga huenda takriban km 200,000 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa km 10 hurudi baada ya mikrosekunde 100. Ukishajua muda, umejua mahali. Sululu ikigonga ardhi, uzi hunyumbuka kidogo sana, na mwangwi wa sehemu hiyo hubadilika kabla chuma hakijaufikia. Ndiyo maana bomba la mafuta la km 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa likiwa na mkongo wa nyuzi za kioo pembeni.

Hesabu hiyo ya muda inatumika pia kwenye vichapuzi vya chembe. Wengi wenu mna ndugu aliyetibiwa kwa mashine za LINAC, ambazo nazo ni vichapuzi, zilizoanza kazi Taasisi ya Saratani Ocean Road mwaka 2018. Humo elektroni huongezwa kasi kwa mawimbi ya maikrowevu, zikagonga chuma kizito na kutoa eksirei. Katika vichapuzi vikubwa vya utafiti, nyuzi za kioo hulazwa kando ya njia ya chembe. Chembe zikiacha njia na kupenya kioo, huwasha mwanga wa buluu, mwanga wa Cherenkov. Muda unaochukua kufika mwisho wa uzi huonyesha chembe zimepotelea wapi.

Turudi kwenye mtaro: kazi ngumu, na ndiyo ninayoipenda, ni kutambua sauti ya sululu kati ya sauti nyingine. Programu iliyofunzwa kwenye ardhi tulivu ya Ulaya haiijui Mbagala: daladala, bodaboda, mama anayetwanga kisamvu, mchanga mkavu wa Januari na mchanga uliolowa wa Aprili. Sauti hizo hatuwezi kuziagiza nje. Lazima zirekodiwe hapahapa, mwaka mzima, na vijana wanaozijua.

Mikongo mingi ina nyuzi za akiba ambazo hazijawahi kupitisha mwanga. Kwenu mnaoimiliki: tukopesheni uzi mmoja tu, kutoka Kijitonyama hadi Mbagala. Leza tutaileta sisi.