Kanisa Dogo la Mai Mahiu: Kazi ya Mateka Kando ya Barabara



Anayeteremka kutoka Rironi kuelekea Naivasha kwa barabara ya chini hulipita kanisa hili karibu na mwisho wa mteremko, kabla ya kuingia mji wa Mai Mahiu. Wengi hulipita bila kuliona. Dereva wa lori ameshika gia nzito na macho yake yako kwenye kona, naye abiria wa matatu anautazama Mlima Longonot. Lenyewe ni dogo kiasi kwamba wakiketi waumini kumi na wawili hivi, limejaa. Watu hulisifu kuwa ndilo kanisa dogo kuliko yote nchini, na wengi hulijua kwa jina la Kanisa la Wasafiri.

Lilijengwa mwaka wa 1942. Waliolijenga hawakuwa wasafiri wala wakazi wa hapa. Walikuwa mateka wa vita.

Juni 1940, Italia iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia upande wa Ujerumani. Wakati huo ilikuwa ikitawala Ethiopia, Eritrea na sehemu kubwa ya Somalia, kwa hivyo Kenya ilijikuta ikipakana na adui. Mapema mwaka uliofuata, majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka yakitokea Kenya, na ndani yake walikuwamo vijana wengi wa Kiafrika wa kikosi cha King's African Rifles. Addis Ababa ilichukuliwa tarehe 6 Aprili 1941. Kufikia Novemba, Waitalia wa mwisho walikuwa wamesalimu amri huko Gondar. Maelfu kwa maelfu yao waliletwa Kenya na kuwekwa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Londiani na kwingineko.

Mkataba wa Geneva wa 1929 ulisema mambo mawili yanayohusu habari hii. Askari wa kawaida aliyetekwa aliweza kutumwa kazi, maadamu kazi hiyo haikuwa ya vita moja kwa moja. Tena, mateka alipaswa kuachwa huru kuabudu kwa dini yake. Pale Mai Mahiu mambo hayo mawili yamesimama bega kwa bega: barabara, na kanisa kando yake.

Ukuta huo wa Bonde la Ufa si wa mzaha. Wajenzi wa reli, miaka arobaini kabla yao, walilazimika kwa muda kuteremsha mabehewa kwa kamba hadi njia ya kudumu ilipokamilika. Mateka nao walipewa kazi ya kuichonga barabara kwenye ubavu uleule. Katika jeshi la watu walioandikishwa kutoka vijijini hawakosi waashi na maseremala, na jengo lenyewe linaonyesha kwamba walikuwapo.

Ni jengo la mawe, lenye msalaba na mnara mdogo, kwa mtindo wa makanisa ya vijijini Italia. Ufundi wa kwao unajulikana zaidi kwa tao. Fundi huanza kwa kuunda fremu ya mbao yenye umbo la nusu duara. Juu yake hupangwa mawe yaliyochongwa yakawa membamba chini na mapana juu, kutoka pande zote mbili, hadi jiwe la katikati linapoingizwa. Fremu ikiondolewa, kila jiwe humbana jirani yake na uzito huteremka ukutani. Tao halihitaji nondo hata moja, jambo la maana sana wakati wa vita ambapo chuma kilikuwa adimu. Mwashi wa leo aliyezoea linta ya zege angefaidika akijifunza hesabu hiyo.

La kuvutia zaidi ni kwamba, pamoja na udogo wote huo, hakuna kilichoachwa. Altare ipo, viti vipo, mnara upo. Wajenzi hawakutengeneza kibanda cha kusalia. Walitengeneza kanisa kamili, kisha wakalipunguza vipimo.

Sasa barabara iliyolizaa kanisa ndiyo inayolitia hatarini. Magari ya 1942 yalikuwa machache. Leo malori ya kwenda Uganda na Rwanda hupita hapo usiku na mchana, na barabara ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha imo katika mpango wa kupanuliwa. Chini ya Katiba, makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ni jukumu la serikali kuu, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo la umri wowote kuwa la kulindwa, katika Gazeti rasmi la Serikali. Maana yake ni kwamba umri peke yake hauliokoi jengo la miaka ya arobaini. Sharti mtu aseme.

Nafasi ya kusema ipo. Mradi wa barabara kubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi huitwa kutoa maoni. Anayefika kwenye baraza aandike pia, kwa sababu maneno ya mdomo hupotea kwa urahisi. Ataje kanisa kwa jina, aulize litakuwa umbali gani na lami mpya, na aulize maji ya mvua yataelekezwa wapi.

Kuhusu ukarabati, jambo moja husahaulika. Jiwe la volkano hunyonya unyevu na kuutoa. Likipigwa plasta ya saruji kali, maji hufungiwa ndani na jiwe huanza kumung'unyika. Fundi achunguze kwanza mchanganyiko uliotumiwa mwanzoni, aufuate. Na maji ya mteremko yaondolewe kwenye msingi kabla mvua za masika hazijaanza.